Mtaa wa Vioo na Mlango wa Mama Pelagia

Ildefonce alituchosha. Nalisema mapema, mtu asije akadhani namsifu kwa kuwa ni jirani yangu. Alirudi Munanila mwaka sabini na moja na koti zito la baridi, na tangu siku hiyo hatukunywa pombe ya ndizi kwa amani. Kila kata ikizunguka, ni habari za Brussels. Ujanani alivuka Burundi akawapikia Wabelgiji, nao wakaondoka naye kwenda kwao. Walipomwacha, akapata kazi ya kupiga deki kwenye jengo la ofisi, mtaa wa kaskazini mwa mji, karibu na stesheni ya treni.

Mtaa huo ndio tuliolishwa miaka mitatu. Mabenki, kampuni za bima, makarani kama siafu, majengo ya vioo ambayo ukiyatazama juu shingo inauma. Asubuhi treni inamwaga watu wa suti, wanapita wakitazama viatu vyao. Jioni inawazoa wote, na haubaki moshi hata wa jiko moja. Sisi tulicheka. Waha tukikutana njiani tunapiga makofi ya heshima, tunaulizana mama, baba, watoto, ng'ombe na mvua, mzigo ukiwa bado kichwani. Naye mwanzoni alisimama kwenye mlango wa ofisi akiwasalimu hivyo wote waliopita, mpaka mlinzi akamtoa kwa kumshika kola.

Kisa kimoja tu Ildefonce hakukisimulia kwa kicheko. Ili majengo yale yapate nafasi, nyumba za wenyeji zilibomolewa. Alikuwa amepanga chumba kwa mjane mzee, na asubuhi moja mtambo ulifika mjane angali jikoni. Ildefonce alimwendea msimamizi, akamsalimu, akamsalimu tena, na tena, apate kumweleza kuna mtu ndani. Yule bwana alimtazama kama anatazama nguzo, akainua mkono, ukuta wa nyuma ukaanguka. Mjane alitolewa hai, lakini hakusema neno tena mpaka alipokufa.

"Asiyekusalimu," Ildefonce alituambia, "hataki kujua kama una mtu ndani."

Basi ikaja Operesheni Vijiji, mwaka sabini na nne. Wote tuhamie kando ya barabara ya Manyovu, nyumba kwa mistari, na atakayebaki paa lake litachomwa. Tulihama tukinung'unika. Mama yake Ildefonce, Pelagia, alikataa katakata. Alikuwa kipofu, na nyumba ile aliijua kwa viganja vyake. Alijifungia, akaegemeza kinu mlangoni.

Mtaniuliza kwa nini mwanawe hakuvunja mlango akamtoa. Kwetu mtoto hamburuti mama yake. Laana yake haina dawa, na Ildefonce, pamoja na Uzungu wake wote, aliiogopa. Alibembeleza tangu jana yake mpaka sauti ikamkauka.

Mgambo walifika asubuhi. Ofisa aliyetoka wilayani alibaki ndani ya gari. Mbele alitangulia Philemon, kijana wa hapa hapa, mkononi kienge kinachowaka. Ildefonce alisimama mlangoni, koti lake la baridi mwilini na jua hilo.

"Mama yumo ndani!" alisema.

"Wote wanasema hivyo," ofisa alijibu. "Philemon, choma!"

"Mwakeye, Philemon," Ildefonce akamsalimu.

Philemon alitazama paa. Alijua akiitika tu, atalazimika kumuulizia mama. Ildefonce akarudia salamu. Philemon akazidi kutazama paa. Mimi niliyemcheka Ildefonce miaka mitatu, nilitamani salamu ile iitikiwe. Kienge kiliinuka mpaka kikakaribia nyasi za upenuni.

Ndipo sauti ikatoka ndani, kali vilevile kama siku zote.

"Nani huyo anasalimiwa mlangoni kwangu haitiki? Hakuzaliwa na mama?"

Philemon aliganda.

"Nakusalimu mimi sasa. Mwakeye, mwana wanje, mwanangu."

Huyo si mtu wa kunyamaziwa. Mzee wa kike amekusalimu, utaitika, na kuitika kwake ni kwa makofi, na makofi yanataka mikono miwili. Philemon alimtazama ofisa, akatazama mlango. Akakiweka kienge chini, akainama, akapiga makofi.

"Mwakeye neza, mawe," akamwita mama kwa Kiha. "Umeamkaje?"

Ofisa alipiga honi. Philemon aliendelea kuuliza, kwa taratibu zote, huku kienge kikififia mavumbini. Mwishowe tukasikia kinu kinaburutwa, mlango ukafunguka.

"Aliyeniitikia ndiye anibebe," Pelagia alisema. "Mwanangu hawezi kunitoa. Wewe nimekuruhusu."

Philemon alimbeba mgongoni mpaka barabarani, analia kama mtoto. Nyuma yao mgambo wengine waliwasha kienge kipya. Nyumba ilichomwa, msije mkadhani ilipona. Pelagia alisikia nyasi zinavyolia, akauliza tu kama kinu chake kimetolewa.

Nilimkuta Ildefonce amekaa ukingoni mwa barabara, koti limefunuka, machozi yanamdondoka bila kuyafuta. Nikakaa kando yake. Safari hii sikuwa na mzaha.

"Yule wa Brussels nilimsalimu mara tatu, Ernesta," aliniambia. "Mara tatu. Na hakuwa ameshika kitu mkononi cha kuweka chini."