Mgeni Aliyeketi Karibu na Baba

Harufu ya mbao za podo zilizopigwa randa hunirudisha Kitale ya miaka ya hamsini kabla hata sijakumbuka sura ya mtu. Baba yangu alikuwa seremala katika karakana ya Singasinga mmoja karibu na stesheni ya reli, na jioni alirudi nyumbani na maranda kwenye nywele na katika mikunjo ya shati. Kazi yangu ilikuwa kumpangusa kabla hajaingia ndani. Dada zangu walimletea maji ya kunawa, lakini maranda yalikuwa yangu, na yeyote aliyeyagusa alinitafuta ubaya. Wakati wa kula nilikaa kwenye kigoda kando yake. Kuku akichinjwa, firigisi, ambayo kwetu Wabukusu ni haki ya mwenye nyumba, aliikata vipande viwili akanipa kimoja bila kusema neno. Baba hakuwa mtu wa maneno, wala mimi sikuyahitaji.

Msimu mmoja wa mvua chache, mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo vya koloni nzima yaliletwa Kitale. Wengi wetu mchezo wenyewe hatukuujua. Karakana ilipewa kazi ya kutengeneza milingoti na mbao za kufungia pete, na Singasinga akamwachia baba. "Fundi, hii kitu Kenya yote ataona," alimwambia. "Tengeneza mzuri, hapana haraka." Baba alizikwangua mbao zile mpaka zikateleza mkononi. Shuleni nilitamba kwamba hakuna atakayefunga kikapu bila ruhusa ya baba yangu, na wenzangu walinichukia kwa haki kabisa.

Furaha yangu iliharibiwa kanisani. Ilitangazwa kwamba mabweni hayawatoshi wageni, kwa hiyo wachezaji waliotoka mbali wangelala katika nyumba za Wakristo. Sisi tulipewa kijana mmoja wa chuo cha Pwani, Mtaita, jina lake Barnaba, mrefu hata akalazimika kuinama mlangoni. Ningependa kusema alikuwa na majivuno. La hasha! Alikuwa mpole, aliwasaidia dada zangu kubeba maji, na alicheka kwa upole hata pasipo na cha kuchekesha. Nilimtafuta kasoro nisiipate, nikazidi kumchukia kwa hilo.

Usiku wa kwanza mama alichinja kuku. Baba alimwonyesha mgeni kigoda changu, akaikata firigisi vipande viwili, na kipande changu kikaenda kwenye sahani ya Barnaba. Nilingoja baba anitazame. Hakunitazama. Nilikula mchuzi tu nikiwa nimeketi kwenye mkeka pamoja na dada zangu. Mama aliniona. "Si ni mgeni tu, papa," aliniambia kwa sauti ya chini, akiniita baba kama mama wa kwetu wanavyowabembeleza wana wao. "Atarara siku chache aende kwao."

Lakini siku zile chache zilinitosha. Jioni ya pili Barnaba alikwenda kumpokea baba njiani, na walipofika mlangoni shati la baba lilikuwa limekwisha kupanguswa. Jioni ya tatu aliomba kujaribu randa. Mimi nilikuwa nimeambiwa kwamba mikono yangu bado midogo kwa chombo kile, lakini baba alisimama nyuma ya kijana yule, akaishika mikono yake na kuiongoza juu ya ubao. Kisha nikasikia Barnaba akimwita "Baba." Hakusema "Mzee," kama wageni wengine. Baba akaitika, tena kwa kicheko. Nilitoka nje nikapiga teke ndoo ya kuku mpaka ikabonyea, nikachapwa na mama, na hata kuchapwa huko baba hakukusikia.

Fainali ilivikutanisha chuo cha Barnaba na chuo cha kwetu upande wa Bungoma. Ndugu zetu walifika kwa malori wakipiga filimbi, na shangazi yangu akatoka Lwakhakha na mkungu wa ndizi. Sasa, wachezaji wa Bungoma walikuwa wamelazwa bwenini wakila mahindi na maharage ya kuchemsha. Wageni ndio waliokuwa mikononi mwa mama zetu. Asubuhi ile kila nyumba ilitaka mgeni wake aonekane ameshiba kuliko wa jirani. Mama alimpikia Barnaba ugali wa wimbi na jogoo mzima, akamwekea na kibuyu cha maziwa ya mtindi. Shangazi akaongeza ndizi. Kijana alipojaribu kusukuma sahani, shangazi alimkemea: "Ati umeshiba? Huyu mama amekosea wapi, bana? Kula!" Kwetu sahani isiyomalizwa ni malalamiko. Barnaba alikula yote. Mimi nilimwona akivuta pumzi kati ya matonge, nikanyamaza.

Uwanjani timu ya Pwani ilianza vizuri, kisha ikaanza kutembea. Wachezaji walishika viuno. Mwalimu wao aliwapigia kelele asijue kwamba akina mama waliokaa mstari wa mbele, wakishangilia kwa nguvu zote, ndio waliowafunga miguu. Karibu na mwisho, pointi zikiwa zimekaribiana sana, Barnaba alipata nafasi peke yake chini ya pete. Aliruka, au tuseme alikusudia kuruka. Mpira uligonga ubao wa baba ukarudi, naye akainama kando ya mlingoti akatapika kifungua kinywa chote cha mama mbele ya watu.

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika tumbo, na sijawahi kufurahi hivyo tena maishani mwangu. Filimbi ya mwisho ililia, Bungoma wakashinda, ndugu zetu wakamiminika uwanjani kuwabeba mashujaa wao. Nilimgeukia baba tushangilie pamoja. Hakuwapo. Alikuwa anakatiza uwanja peke yake, akiwapa mgongo watu wa kwao, mjomba akimwita naye hageuki. Alipiga magoti katika ule uchafu, akatoa leso yake nyeupe ya kanisani, ile ambayo sisi watoto hatukuruhusiwa hata kuikunja, akampangusa Barnaba uso, shingo na mikono, taratibu, kama anavyosugua ubao mzuri. Kicheko kiliniishia. Nilitamani niwe mimi niliyeshindwa, niliyetapika, niliyeaibika mbele ya koloni nzima.

Barnaba aliondoka kwa treni kesho yake, na usiku huo nilirudishiwa kigoda changu. Nilikikalia, lakini nilikuwa nimeshaona baba anavyoweza kuwa, na sikuridhika tena na nilichopewa.

Siku hizi nakaa karibu na Mabanga, upande wa Bungoma. Juzi tulikwenda Kitale kumtazama mjukuu wangu akichezea chuo chake kwenye mashindano ya taifa. Uwanja ni wa saruji, mbao ni za kioo, wachezaji wanalala hotelini na chakula chao kinapimwa na mtaalamu. Hakuna mama wa mtu anayeweza kuwamaliza kwa wimbi, nami nakubali kwamba hayo ni maendeleo. Walifungwa hata hivyo. Tulirudi kwa gari, mjukuu mbele na vidude vya muziki masikioni, macho kwenye simu, na baba yake, mwanangu, akiendesha. Mwanangu huyo amerithi jina la marehemu baba yangu, kwa hiyo kwa desturi yetu nimemwita Baba tangu alipozaliwa.

Tulipovuka daraja moja njiani aliupeleka mkono wake begani kwa kijana, akaliminya polepole. "Bega bado linauma?" aliuliza. Kijana hakusikia. Baba yake aliuacha mkono pale pale, akauliza tena kwa sauti ileile, bila kuudhika. Nikiwa kiti cha nyuma, na mvi zangu zote, wivu ulinipanda mpaka machoni.

"Linauma kidogo, Baba," nikajibu mimi.