Santuri Tatu na Betri za Kuanika

Enzi zetu, ninyi mliozaliwa mkakuta simu zimeshajaa mifukoni, muziki ulianikwa juani kwanza ndipo ukasikilizwa. Msicheke! Betri zetu tulizipata zimeshachoshwa na redio za majirani, na hatukuzitupa. Tulizipanga juu ya mabati ya jiko, nyumbani kwetu Sokon One, tukazigeuzageuza kama mahindi, na zikikataa kabisa kaka yangu alizing'ata kwa magego. Kisha zote sita zilirudi ndani ya gramafoni, sahani ikaanza kuzunguka, na yule mzungu wa piano akatuimbia.

Gramafoni ilikuwa ya Bwana Kanji, mwenye duka la vitambaa ambaye baba alishona barazani kwake miaka mingi. Alipohama Arusha na familia yake alimwachia baba mashine ile na santuri tatu, zote za mwimbaji mmoja, zote za miaka ile ile ya sabini. Jina lake lilitushinda kutamka, tukamwita Mzee wa Piano, ingawa kwenye picha za majaketi ya santuri alikuwa kijana tu, kavaa koti la manjano, kafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi.

Nimesikia mengi tangu hapo, na sioni aibu kusema: zile santuri tatu hazijapata mpinzani. Mkono wake wa kushoto ulitembea kwa uzito, hatua moja, nyingine, kama mama anayeshuka mlimani na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Wa kulia ukawa unampepea. Wimbo wa pili kwenye santuri ya pili ndio uliokuwa roho yangu. Mwezi wa saba, mlima Meru ukijifunika mawingu na jua likigoma kutoka, betri hazikukauka vizuri, na wimbo ule ulizidi kuwa wa taratibu hadi mama akaacha kukoroga loshoro, ule mseto wetu wa mahindi, ndizi na maziwa mgando, akasikiliza. "Huyu kalelewa," alisema. "Hana haraka. Mwenye pupa hadiriki kula tamu."

Sasa mimi nilikuwa na tamaa moja tu duniani, kukalia kile kiti cha kinanda cha kanisani kwetu. Kilikuwa kinanda cha kukanyaga kwa miguu, kimefunikwa kitambaa cha kudarizi, na hakuna aliyekigusa ila Mwalimu Nanyaro, mwalimu wa kwaya. Jumamosi mama akienda zamu ya kufagia kanisa, nilimfuata. Yeye anafagia, mimi nafunua kitambaa na kuutafuta wimbo wangu, sauti moja moja, mpaka nikaupata wote. Mama alifagia sehemu ile ile mara tatu.

Siku moja Mwalimu akanifuma. Niliruka kama nimekaa kwenye siafu. "Shikamoo Mwalimu!" Hakuitikia. "Kinanda si mchezo wa rede," alisema. "Hiki ni cha ibada, na hakijawahi kupigwa na mtoto wa kike. Nikikukuta tena, hata kwaya ya watoto utaisikia dirishani." Nililia njia nzima. Nilikuwa na miaka kumi na moja na niliona maisha yangu yamekwisha.

Ikaja Jumapili ya Mavuno. Mnaijua: mikungu ya ndizi mpaka mlangoni, kuku wamefungwa miguu wanajibizana na mchungaji, mbuzi wa mnada nje. Mwalimu Nanyaro akaingia mkono umefungwa bendeji. Panga lilikuwa limempitia akikata ndizi zake za sadaka. Mchungaji akauliza kama kuna anayeweza kutupigia kinanda. Halafu mama yangu, mwanamke ambaye kanisani hata chafya aliiombea radhi, akasimama.

"Eliaichi wangu anaweza."

Nilimtazama Mwalimu. Alitazama bendeji yake.

Nikaenda. Miguu haikufika vizuri, nikapiga nusu nimesimama. Na wimbo niliouweza kwa ukamilifu ulikuwa mmoja tu, basi nikaupiga huo, taratibu vilevile Mzee wa Piano alivyonifundisha. Jamani! Watu waliinuka na sadaka zao wakatembea kwa kuufuata. Mabibi walifuta machozi kwa ncha za khanga. Nilirudia mara saba mpaka mkungu wa mwisho ukafika mbele.

Baada ya ibada Mwalimu akanijia. "Huu ni namba ngapi kitabuni?"

"Hauna namba, Mwalimu."

"Jumapili ijayo uje mapema," akasema. "Na uje na kigoda kifupi, miguu ifike kwenye kanyagio." Nilirudi nyumbani nikikimbia, na mara hii sikulia. Mwalimu akautungia wimbo ule maneno ya Kiswahili, na ukawa wimbo wetu wa sadaka mpaka leo.

Miaka ilipita, baba akavuta umeme. Siku ya kwanza tulipochomeka gramafoni kwenye umeme nikaweka santuri ya pili, wimbo wa pili. Lahaula! Wimbo ulitimka mbio. Ngoma zinagongana, mzungu anapiga kelele kama kakanyaga kaa la moto. Kumbe ulikuwa wimbo wa dansi! Ni betri zetu chovu zilizoufanya wa ibada. Baba alicheka hadi akakalia pasi, bahati ilikuwa imepoa. Mama akazima swichi. "Hili lisitoke humu ndani."

Halikutoka, hadi juzi. Mwalimu Nanyaro alitimiza miaka tisini, tukafanya ibada ya shukrani nyumbani kwake. Mjukuu wangu, wa kizazi hiki cha kusikiliza wimbo nusu na kurukia mwingine, akatoa simu mbele ya wote. "Bibi, sikia! Wimbo wetu wa sadaka, ila hawa wameukimbiza!" Ukalia uwanja mzima. Wazee wa kanisa wakageuka kunitazama. Nilitaka ardhi inimeze. Nikapiga magoti kwa Mwalimu nikaungama yote: Bwana Kanji, betri, mabati, santuri.

Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, kichwa kainamisha kwenye fimbo.

"Huyu mzungu anakimbilia wapi?" akauliza. "Mwambieni watu hawajamaliza kutoa."

Kicheko kilichopasuka pale, nadhani hadi kule Makumira, nje ya mji, walikisikia. Vijana wakanisogezea kinanda chao cha umeme chenye vitufe vya ngoma na tarumbeta. Nikavizima vyote. Leo kila kitu kinapatikana kwa kidole, wala hakuna anayengoja jua litoke ili asikie muziki, na mimi nalikumbuka lile jua. Mwalimu akagonga fimbo chini mara moja, taratibu, kunipa mwendo. Nikakaa katikati ya kiti, miguu yote miwili imefika chini, nikaupiga kwa mwendo wetu.