Udi wa Posa na Kifua cha Zulfa

Naanza kwa kukiri kwamba mpaka leo nikimwona mtu yeyote wa Mtendeni aliyekuwepo nyumbani kwangu siku ile, navuka barabara, na kama hakuna barabara ya kuvuka nainama kufunga kamba za viatu hata kama nimevaa kandambili. Mke wangu anasema nisimulie tu, watu wacheke, yaishe. Haya, chekeni, ila msinikatishe, maana nikisimama katikati sitaendelea.

Mimi nauza vipuri vya baiskeli, nakaa Ipuli na mke wangu Tatu, binti yetu Zulfa ambaye wakati huo alikuwa hata chekechea hajaanza, na mdogo wangu Mwajuma, ambaye tangu wazazi wetu watangulie mimi ndiye baba yake na mama yake. Kwa hiyo posa ya Mwajuma ilipotangazwa, tena kutoka kwa watu wa Mtendeni, wafanyabiashara, watu wa mjini wenye adabu zao na marashi yao, mimi nilichanganyikiwa kabla ya bibi harusi mwenyewe. Nilipaka rangi ukuta wa mbele (wa nyuma nani atauona), nikaazima viti, nikaazima zulia, nikaazima hotpoti za mtaa mzima mpaka kabati la ukumbini likajaa hotpoti za maua ya kila aina.

Sasa kabla sijafika kwenye posa lazima niwaambie kuhusu kifua cha Zulfa. Yule mtoto alikuwa anakohoa, na si kikohozi cha mafua kinachokuja na kuondoka, hapana, chake kilikuja alfajiri, kilikuja akikimbia, kilikuja hata akicheka sana, na ukimwekea sikio mgongoni unasikia kama mtu anapuliza filimbi mbali huko. Tulimpa asali (Tabora hii, ugonjwa gani haujapewa asali), tukampa dawa za maji za kila rangi, tukaambiwa ni baridi, ni nimonia, ni minyoo, mpaka Tatu akachoka akampeleka kwa daktari wa watoto, na siku hiyo kwa bahati mbaya na mimi nikaburutwa. Daktari akauliza maswali mengi, usiku analalaje, ngozi inamwasha, nyumbani kuna moshi, kwenye ukoo kuna mwenye pumu. Tatu akajibu yote. Mimi nilipoulizwa la ukoo nikasema hakuna, hali baba yangu mzazi alikufa baada ya kushikilia kifua chake miaka na miaka.

Daktari akasema mtoto bado mdogo mno, kipimo cha kupuliza hawezi, kwa hiyo hatasema kwa uhakika kwamba ni pumu, ila dalili zinaelekea huko, na atampa dawa ya kuvuta aone kama itamsaidia. Dawa yenyewe kikopo kidogo cha bluu, na kwa kuwa mtoto hawezi kuivuta vizuri moja kwa moja, wakatutengenezea chombo kwa chupa ya maji ya plastiki, wakaitoboa kitako, kikopo kinaingia huku, mtoto anavutia mdomoni kule. Akatueleza na dalili za hatari, na hapo mimi nilikuwa nasoma meseji ya mteja kuhusu cheni za baiskeli. Lakini dawa ilimsaidia. Mtoto alianza kulala usiku, na Tatu akaapa kwamba moshi hautaingia tena ndani ya nyumba ile, jiko la mkaa likahamia uani, hata dawa ya mbu ya kuwasha ikatupwa.

Mimi lile neno pumu sikutaka kulisikia. Kwetu posa ikija, watu huulizana mambo ya ukoo kwa upole sana, kuna kifafa, kuna presha, kuna kifua, na nilishamsikia jirani mmoja akisema mdogo wangu ameposwa kwa bahati tu. Nikajiambia ile chupa iliyotobolewa, inayokaa juu ya televisheni kama pambo, wageni wakiiona tu watauliza, na tukijibu tumekwisha. Basi asubuhi ya posa, Tatu yuko uani na shangazi yangu aliyekuja kwa treni kutoka Tura, na wanawake wa mtaa, wanapika, mimi nikaichukua chupa na kikopo chake, nikafungua hotpoti moja tupu kule kabatini, yenye maua ya zambarau, nikavitia humo, nikafunika. Nilijiona mjanja sana.

Halafu nikawasha udi. Tatu alikuwa amenikataza jana yake, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, ile ambayo mwanamume mwenye akili huiogopa, kwamba udi ni moshi kama moshi mwingine. Nikamwambia huwezi kumpokea mkwe wa Mtendeni kwenye nyumba inayonuka rangi mbichi, watatuona washamba. Na kweli ilinuka rangi. Nikaweka makaa kwenye chetezo, nikatia udi, nikaona hautoshi nikaongeza, na madirisha nikayafunga ili harufu isipotee bure.

Wageni wakafika, wazee wa kiume wakakaa sebuleni juu ya zulia la kuazima, mama wa bwana harusi na wenzake wakapitishwa uani kwa wanawake, shikamoo, marahaba, habari za huko, njema. Mshenga wao, mzee mpole mwenye kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata, akausifu udi. Nikajisikia nimerefuka. Zulfa alikuwa amekaa karibu na magoti yangu, gauni jipya, ametulia kuliko siku zote, na mimi nikawaonyesha wageni kwa kidevu kwamba huyo ndiye binti yetu, mtoto mwenye adabu.

Mshenga akaanza maneno yake ya kuomba, maneno mazuri, marefu, na katikati yake nikasikia ile filimbi. Mara ya kwanza nikajifanya sijasikia. Mara ya pili mshenga mwenyewe akanyamaza, akageuza shingo, akauliza hapa ndani kuna paka? Nikasema ndiyo, tuna paka, ana mafua. (Hatujawahi kufuga paka, Tatu hawapendi.) Wazee wakatikisa vichwa kumwonea huruma paka, mshenga akaendelea, na akafika pale nilipopaogopa, akauliza kwa upole kama ndani ya ukoo kuna jambo lolote la kuambizana, maana sisi sote ni binadamu.

"Hakuna," nikasema. "Ukoo wetu ni wa vifua vipana. Sisi hata kukohoa hatujui."

Nikamtazama Zulfa ili wageni nao wamtazame, na ndipo nikamwona. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka, tundu za pua zimepanuka, na pale chini ya koo palikuwa panazama kila akivuta hewa. Midomo ilikuwa imepoteza rangi yake. Aliniangalia tu, hakusema kitu, hakukohoa.

Niliruka, nikamruka mzee mmoja na soda yake, nikakimbilia kabatini. Hotpoti ya maua ya zambarau haipo. Nikatoka mbio uani, na huko kulikuwa na hotpoti chini, mezani, juu ya ndoo, nikaanza kuzifunua moja moja, pilau, funika, kuku, funika, ndizi, funika, natoka jasho, nahema, na wanawake wa Mtendeni wamekaa kwenye mkeka wananitazama baba mwenye nyumba anavyopekua vyakula kabla wageni hawajanawa mikono. Jirani mmoja akaniambia shemeji, vumilia, chakula kipo cha kutosha. Wakacheka. Mama wa bwana harusi alicheka pia, akaziba mdomo kwa khanga.

"Hotpoti ya zambarau iko wapi?" nikamuuliza shangazi, na sauti ilinitoka nyembamba kama ya mtoto.

Shangazi akasema ametoka kuipeleka sebuleni sasa hivi pamoja na zile za pilau, wakati mimi nafunua vyakula, maana aliikuta kabatini imefunikwa akajua ni chapati.

Sijui nilirudi vipi sebuleni. Nilimkuta mshenga ameshanawa mikono, ameifunua hotpoti, na ameinyanyua juu ile chupa yetu iliyotobolewa, anaigeuza kwenye mwanga, wazee wote wameinamisha shingo wanaitazama kwa heshima, labda wakidhani ni desturi ya watu wa Ipuli ambayo hawajawahi kuisikia. Nikamnyang'anya. Mzee wa watu, mgeni wangu, nikamnyang'anya kitu mkononi, nikapiga magoti mbele ya mtoto, na hapo ndipo nikagundua kwamba mimi sijui kuitumia. Kikopo nilikitia kinyume. Dawa ikanipulizia machoni.

Tatu alikuwa amenifuata. Hakuniuliza kitu, alinisukuma tu, akasema fungueni madirisha na mtoeni huyo chetezo nje, (kwa haraka chetezo akakiita huyo, na hakuna aliyecheka), akamkalisha Zulfa wima mapajani pake, akatikisa kikopo, akapuliza mara moja, vuta mama, vuta tena, taratibu, tena, halafu akapuliza nyingine, na nyingine. Wanawake walikuwa wamejaa mlangoni. Mimi nilisimama na machozi, nusu ya dawa, nusu yangu mwenyewe, nikimwomba Mungu aniaibishe anavyotaka ila aniachie mwanangu.

Polepole lile shimo chini ya koo likaacha kuzama sana. Midomo ikarudi rangi. Mama wa bwana harusi akaingia, akachuchumaa mbele ya mtoto, akamfuta uso kwa khanga yake, akamuuliza, "Mbona hukusema, mjukuu wangu, kwamba kifua kinakubana?"

Kuna jambo sijawaambia. Asubuhi ile, nilipokuwa namfunga gauni, nilimwambia neno moja Zulfa, na nilidhani ni dogo, na nilidhani ni letu wawili.

"Baba alisema nisikohoe mpaka wageni waondoke," akasema.

Alisema kwa pumzi fupi fupi, nusu neno, anavuta, nusu neno, na kila mtu alisubiri amalize. Tatu hakuniangalia. Angeniangalia ingekuwa nafuu.

Hospitali tulikwenda kwa gari la mshenga, kwa sababu Tatu alikumbuka daktari alisema kifua kikimbana kiasi kile tusitosheke na nafuu ya nyumbani, na mama wa bwana harusi akapanda nasi bila kuombwa. Walimwekea hewa, wakamwongezea dawa, wakamlaza hadi kesho yake. Mimi nilikaa kwenye benchi nje nimeshika kiatu kimoja cha mtoto, yule mama akaja kukaa pembeni yangu, na niliona afadhali nianze mimi, nikamwambia kwamba ndiyo, ni kifua, baba yangu alikuwa nacho, wakiamua kurudisha maneno yao nitaelewa, ila Mwajuma hana kosa.

Akasema, "Kifua tungeambiwa, tungesema poleni, tukala pilau. Lakini mtoto anakaa anakosa pumzi kwa ajili yetu sisi, hilo ndilo limenitisha."

Mwajuma aliolewa, na hadi leo huko Mtendeni naitwa baba wa chapati. Nimekubali. Zulfa ameanza shule, dawa yake ya kila siku anaitumia, anakimbia, anashindana na watoto wa mtaa, na mwalimu wake nilimfuata mwenyewe nikamweleza kila kitu na kumfundisha kuitumia ile chupa, maana sasa naijua hata nikiwa nimefumba macho. Nimeapa sitaficha tena ugonjwa wa mwanangu kwa mtu yeyote, awe mkwe, awe nani. Lakini kiapo changu hakijamfikia bado, kwa sababu wageni wakiwa wamekaa pale sebuleni na kikohozi kikamjia, hakohoi kwanza. Ananitazama mimi usoni, anasubiri, na mimi nakohoa kwa nguvu, mbele yao wote, ili ajue inaruhusiwa.