Pipa Lililojaa

Kwa miaka kumi na tisa Katunge, waliyemwita Mama Gedion, alipika katika shule ndogo ya Mtakatifu Tekla, nyuma ya soko la mbuzi mjini Kitui. Yeye ni Mprotestanti, mtu wa AIC, na masista walizoea kumtania kwamba Mkatoliki jikoni ni muthokoi peke yake, yale mahindi ya kukobolewa aliyowapikia na maharagwe.

Kila asubuhi kila mtoto alikuja na mtungi wa lita tano kutoka kwao, akamimina maji katika pipa la jikoni. Katunge hakuhitaji rejista. Pipa likijaa, watoto wapo. Mwaka huu likaanza kuishia katikati, kwa sababu wazazi walichoka kuwatwika watoto maji, wakawahamishia shule yenye maji ya mfereji. Sista Wavinya, mwalimu mkuu, alishasema wazi: wakizidi kupungua, Desemba shule inafungwa kabisa. Katunge hakulala vizuri tangu siku hiyo.

Ikaja habari kwamba Padre Musembi wa parokia atapita shuleni. Sababu hakuitaja. Katunge aliona haya padre akute pipa nusu. Alfajiri akateremka mtoni, akachimba mchangani mpaka maji yakatoka, akapanda na mtungi mgongoni, kamba ikimkata paji la uso. Mara sita! Nani alimtuma? Kiburi cha jiko lake tu. Padre alichungulia pipa, akanywa kikombe, akamsifu, akaenda zake.

Wiki iliyofuata Sista Wavinya aliingia jikoni, akaketi juu ya kuni. Parokia ilikuwa imepata tangi moja kubwa pamoja na mifereji ya kukinga mvua, la kupewa shule yenye shida ya maji kuliko zote. Limepelekwa shule moja ya Zombe.

"Father anasema sisi maji iko," alisema. "Ati ameona na macho yake. Mama Gedion, hiyo maji ilitoka wapi?"

Katunge aliweka mwiko chini.

"Ni mimi nilijaza, Sista. Sikutaka aone watoto wameisha."

Sista hakumgombeza, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alimpigia padre simu papo hapo, lakini tangi lilikuwa limeshapandishwa juu ya msingi wake.

Watoto wakazidi kupungua. Desemba, siku ya mwisho kabla shule haijafungwa kabisa, walikuja watoto thelathini na mmoja. Walimimina maji yao kama kawaida. Katunge akapika, akaosha sufuria zote, na maji yakabaki. Alikaa kando ya pipa akilia, hajui maji hayo amwachie nani.