Mafuta ya Tumboni mwa Yaya

Yaya wangu, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa kwetu Katanga, aliingia Zambia akiwa mifupa mitupu. Tulikuwa tumekimbia vita kwa miguu, na njiani tulikula mizizi. Kwa hiyo miaka ilipopita, tukatoka kwenye makazi ya wakimbizi tukahamia Nchelenge, na yeye akaanza kuuza chisense, wale samaki wadogo wa ziwa, kule Kashikishi, nilifurahi kumwona ananenepa. Wanawake wa Kibemba sokoni walimshika mkono wakisema, "Mwaina, mayo!" yaani umenona, mama. Alicheka kama mtu aliyepewa zawadi.

Mimi ni mshonaji, na nguo zake zote nilimshonea mimi. Labda ndiyo sababu niliona kabla ya wengine. Mikono haikubadilika, wala mapaja. Ilikuwa kiuno tu. Kila mara nilifumua mshono wa pembeni nikaongeza kipande cha kitenge.

Halafu pumzi ikaanza kumpungukia. Alikunywa maji sana, akawa haishi kwenda chooni. Asubuhi moja, katikati ya meza za samaki, aliketi chini ghafla, mkono kifuani, jasho likimtiririka. Tulimpeleka kliniki kwa baiskeli ya kukodi. Kwenye foleni mwanamke mmoja alinong'ona kwa Kibemba kwamba hawa wakimbizi wanakula mno. Nilisikia. Yaya naye alisikia, akavuta kitenge akafunika tumbo.

Muuguzi, mama wa makamo, alimpima moyo, damu na sukari, kisha akazungusha utepe kiunoni. Alisema moyo haujaharibika, ila tansio, yaani presha ya damu, iko juu na sukari imepanda. Kibemba chake kilikuwa cha hospitali, si kile cha sokoni alichokizoea Yaya, kwa hiyo mimi nikawa namtafsiria.

"Na jirani yetu?" Yaya aliuliza. "Ule mama wa makalio makubwa. Ananipita kilo! Juu ya nini tansio yake iko muzuri?"

Nilipotafsiri, muuguzi alicheka kwa upole. Alisema mafuta ya makalio na mapaja kwa kawaida hulala tu chini ya ngozi. Yale ya ndani ya tumbo huzunguka maini na utumbo, na hayatulii. Yanamwaga vitu vyake kwenye damu, maini yanajaa mafuta, mwili unashindwa kutumia sukari, mishipa inakaza, na moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu mchana na usiku. Yaya alisikiliza akitazama tumbo lake.

Akaanza kulia. "Mudogo wangu, nilikuwa ninakula juu ya woga," aliniambia. "Kila sahani ninaona kama ndiyo ya mwisho."

Sikujua. Tuliishi nyumba moja na sikujua.

Alipewa vidonge, na tukabadilisha mambo kidogo kidogo. Bukari, ugali wetu, ikapungua, sombe ya majani ya mihogo ikaongezeka, mafuta ya mawese na chumvi tukavipima kwa kijiko. Sukari kwenye chai ilimshinda kwa wiki nyingi. Nilimfumania mara mbili akilamba kijiko. Sokoni akaanza kwenda kwa miguu, akipumzika njiani mara tatu, baadaye mara moja.

Kiuno kikapungua, na hapo ndipo maneno yakaanza. Kwetu mtu akipungua watu wanajua, au wanadhani wanajua, ana ugonjwa gani. Wateja wengine wakapita meza yake bila kusimama. Mama mmoja wa kanisa alikuja nyumbani kumwombea na hakutaka kunywa maji yetu. Siku hiyo Yaya alipika bukari ya watu wanne.

"Bora banicheke munene," alisema, "kuliko banizike ningali muzima."

Nilimwambia ale akitaka, sitamhukumu. Alikula nusu, akasimama, akaenda kuosha sufuria.

Jumapili iliyofuata, kwenye mkutano wa wanawake wa kwetu kanisani, aliomba kusema. "Banamama, sikufi," alisema. "Niko na sukari na tansio. Ni mafuta ya ndani ya tumbo ninapunguza. Mwenye anataka kuniuliza, aniulize mimi, asiulize soko." Hakuna aliyepiga makofi. Wimbo ukaanza tu.

Lakini tukitoka, yule mama aliyekataa maji yetu alimvuta pembeni. Ni mwembamba wa miguu, mwenye tumbo gumu mbele kama mjamzito. Alimwuliza kwa sauti ya chini kama kile kipimo cha utepe kinauma.

"Hakiumi," Yaya alimjibu. "Kesho twende."

Wakaenda, mimi nikiwa nyuma na mwavuli. Naye tansio yake ilikutwa juu. Yaya bado ni mama mnene, bado anameza vidonge, na muuguzi anasema asihangaike kuwa mwembamba, aendelee hivyo hivyo. Sukari imeshuka. Siku hizi yeye na yule mama wa kanisa wanatembea asubuhi kwenda Kashikishi, na wanabishana njia nzima kuhusu chumvi.