Mnara Aliouonyeshwa Dada Mkubwa

Asubuhi ile haikuwa na neno. Bibie aliamka kwanza kama kawaida yake, akabandika maji ya chai, akafungua dirisha la jikoni linalotazamana na ukuta wa jirani. Mzee, mumewe, alikuwa mezani, ametandaza gazeti kuukuu, anapaka gundi soli ya kiatu cha mteja.

"Gundi yako na chai yangu havikai meza moja," Bibie alisema.

"Namalizia."

"Jana pia ulikuwa unamalizia."

Akamsogezea kikombe, akavaa koti, akatoka kununua mkate. Akarudi. Wakala. Wakamcheka kidogo jirani wa chini, anayegombana na redio yake kila taarifa ya habari inapoanza. Basi. Usiku uliofuata moyo wa Bibie ulisimama akiwa usingizini, na daktari alisema hakusikia maumivu.

Mzee hakusoma, na maneno kwake ni ya kuhesabika. Watu wakija kumpa pole, yeye hawaelezi habari za ugonjwa, maana ugonjwa haukuwepo. Anawapa habari ya shemeji yake, dada wa Bibie, alipokuja kutembea. Anayetaka kujua mkewe alikuwa mtu gani, kwa mzee hiyo inatosha.

Bibie alikuwa mfuaji wa hospitali kubwa ya mji ule wa ugenini. Aliingia pale bado bibi harusi, akazeekea palepale. Alipanda basi lilelile, akashuka geti la nyuma wanapopitia wenye mizigo. Mashuka, foronya, magauni ya wagonjwa, vitambaa vya chumba cha upasuaji, kila kitu na toroli lake na moto wake. Siku ya mapumziko alilala, akapika, akampigia simu Dada Mkubwa.

Dada Mkubwa ndiye aliyemlea Bibie baada ya mama yao kufariki, na kwenye simu alitaka kujua yote. Sasa mtu akuulize kila mara umeona nini huko ughaibuni, nawe umeona mashuka tu, utamjibu nini? Bibie akaanza kuazima macho ya wenzake. Mwenzake wa kwenye pasi akipanda mnara wa vioo wa katikati ya mji, Bibie naye, kwenye simu, kapanda mnara. Mwenzake akienda bustani ya ndege, Bibie naye kawaona ndege, tena mmoja nusura amdonoe. Mzee aliyasikia hayo yote akiwa kitini pake, akatia pamba masikioni.

Siku moja Dada Mkubwa akasema anakuja.

"Atataka mnara," Bibie alisema, mikono kichwani. "Mnara wenyewe uko wapi?"

"Si ulipanda?"

"Mzee, usinichokoze."

Dada Mkubwa akaja kweli, na mizigo yake na sauti yake. Jioni ya kwanza, vyombo havijaoshwa, akatoa lililomleta.

"Mdogo wangu, tumekaa kikao nyumbani. Tunaona umekwama huku. Unafua za watu mpaka mgongo unapinda, na kwenu kupo. Kaka amekumalizia chumba, kina madirisha mawili. Nimekuja kukuchukua."

"Na mzee?"

"Shemeji naye ana kwao."

Mzee alikuwa upande wa pili wa pazia, anashona kiatu. Sindano ikamwingia kidoleni, akaichomoa. Kwao hapakuwapo tena. Wazazi walikwisha kufa, nduguze wakauza nyumba, kila mmoja akashika njia yake. Bibie alilijua hilo. Lakini Dada Mkubwa kwake alikuwa mama, na mama humwambii hapana huku unafuta meza. Mzee akatega sikio.

"Kwanza nikutembeze," Bibie alijibu. "Uone ninavyoishi. Halafu tutazungumza."

Hapo mzee akajua kwamba matembezi yale si matembezi, ni kesi. Na mkewe hakuwa na shahidi ila mnara asiowahi kuuona.

Asubuhi wakavaa wakapendeza. Dada Mkubwa alikuwa na viatu vipya vya safari, vigumu kama mbao. Mzee alivigonga visigino kwa nyundo kidogo vilegee, akasema, "Shemeji, hivi vitakutoa roho."

"Nilivinunua kwa ajili ya mnara," Dada Mkubwa akajibu. "Nitavivaa mnarani."

Kituoni dada wawili wakaanza habari za utotoni. Nani alianguka kisimani, nani alificha kiatu cha mwalimu. Walicheka mpaka watu wakageuka. Basi likasimama, Bibie akapanda bila kukatisha maneno, nao wakamfuata. Mzee aliitambua namba ya basi lile. Akadhani labda mkewe ana mpango wa kubadilisha mbele. Tena siku kama ile, neno moja baya la mume lingeonekana la kuharibu safari. Akatafuta kiti.

Abiria wakashuka mmoja mmoja mpaka wakabaki wao. Dereva akageuza shingo.

"Mama, leo na wageni?"

Bibie akainua macho. Mbele yake lilikuwa geti la nyuma la hospitali. Miguu yake ilikuwa imejipeleka kazini.

Wakashuka. Dada Mkubwa alitengeneza mtandio wake, akalitazama bomba la moshi la chumba cha kufulia, linafuka mvuke, kutu imelipanda hadi kiunoni.

"Ndio huu?"

Bibie naye akalitazama lile bomba.

"Mbona kwenye simu ulikuwa wa vioo?"

Kicheko kikamtoka Bibie, kile cha kushika mbavu, na machozi yakafuata. "Dada, sijauona. Mnara sijauona, bustani sijafika. Mji mzima huu naijua njia hii moja."

"Na yule ndege aliyetaka kukudonoa?"

"Alitaka kumdonoa mwenzangu wa pasi."

Dada Mkubwa hakucheka. Mzee akaona kesi imeanguka. Alisimama pale kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

Geti likafunguka. Akatoka msimamizi anasukuma toroli, yule wanayemwita Mama Funguo kwa mzigo wa funguo unaoning'inia kiunoni.

"Wewe! Leo si mapumziko yako? Na huyu nani? Ngoja! Huyu si ndiye Dada Mkubwa? Aliyeunguza sufuria akamsingizia paka?"

Dada Mkubwa akashtuka. "Paka alipita pale!"

"Hapiti leo. Ingieni."

Ndani kulikuwa na joto na ngurumo za mashine. Wanawake wakaacha pasi, wakaja wakamzunguka Dada Mkubwa kama bibi harusi. Walimjua kwa masimulizi ya Bibie. Walijua kipele chake cha shingoni, walijua hali chumvi nyingi, walijua kwamba usiku wa msiba alimbeba mdogo wake mgongoni mpaka kulipokucha. Yule mwenzake wa pasi akamletea kiti, akamwambia, "Mwanangu alilazwa hapa juu, baridi ilikuwa kali. Mdogo wako alimpandishia shuka lililotoka mashineni sasa hivi, bado la moto. Kila siku, mpaka tukaruhusiwa."

Dada Mkubwa hakukikalia kile kiti. Alimwona Bibie amekwisha kuvua koti lake zuri na kuokota shuka, maana mwenye mkono wa kazi hakai hivihivi. Naye akavua viatu vyake vya mnarani, akamtupia mzee, akashika ncha za upande wa pili. Wakakung'uta, wakavuta, wakasogeleana mpaka vidole vikagusana. Wakaanza jingine.

"Unavuta sana," alisema Dada Mkubwa.

"Wewe umelegea."

"Nimelegea? Mimi niliyekufundisha?"

Walikunja mpaka toroli likawa tupu. Mzee alikaa juu ya furushi la foronya, viatu vya shemeji mapajani, hathubutu hata kukohoa.

Ndani ya basi la kurudi Dada Mkubwa alitazama dirishani muda mrefu. Kisha akasema, "Nilidhani unafua peke yako."

Na mnara hawakuupanda, siku ile wala nyingine. Siku zilizobaki walizimalizia jikoni na kwenye duka la mkate, na Dada Mkubwa alirudi kwenye chumba cha kufulia mara nyingine kuaga. Habari ya chumba hakuigusa tena mpaka siku ya kuondoka, chini mlangoni, teksi inanguruma, mzee ameshika sanduku la shemeji, anatamani teksi iende na pia isiende, kwa kuwa jibu la Bibie lilikuwa bado.

Siku ile, jibu alipolisikia, mzee alishindwa kusema ahsante. Alipanda ngazi, akamchemshia Bibie chai, basi. Ahsante anaisema sasa, kila anapobandika maji, na haoni haya kuisema peke yake.

Dada Mkubwa alikuwa ameshika mlango wa teksi. Akauliza, "Haya, kaka nikamwambie nini?"

Bibie akajibu, "Mwambie chumba nimekipokea kwa mikono miwili, alaze wageni humo. Mimi sijakwama, dada. Nakaa na huyu."