Mwiko Wangu Haufutwi

Admin, asalaam aleikum. Nifiche jina na kijiji tafadhali, maana kisiwani Pate tunajuana hata kwa kikohozi. Mimi nina miaka ishirini na tano, mama wa wawili. Mkubwa ana miaka mitatu, mdogo bado ananyonya. Tunaishi kwa wakwe. Najua wengine mtanicheka, kwa sababu kilichonitoa machozi ni mchezo. Nichekeni, lakini someni mpaka mwisho.

Wifi yangu alisoma Mombasa, akarudi na mchezo wa kuigiza safari kwa maneno. Mnakaa mkekani, kila mtu ana mhusika wake kwenye karatasi, yeye anasimulia visiwa na majini wake, na jambo likiwa gumu mnarusha dadu. Hucheza Ijumaa baada ya Alasiri, yeye, mume wangu, binamu yao mmoja na mimi. Kwa wiki nzima mimi ni kufua, kupika na kubembeleza. Saa mbili zile ndizo nilizokuwa naitwa kwa jina langu.

Siku ya kwanza wifi alitueleza kwamba kila mhusika ana uwezo wake na mwiko wake. Akanigeukia mimi, "Haya wifi, mwiko wako u wapi?" Wallahi nikainuka, nikaenda jikoni, nikarudi na mwiko wa kusongea ugali, bado una maji. Walicheka mpaka mavyaa, mama yao, akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Alipoambiwa akaniita kwa mkono akisema, "Haya, mtu na mwiko wake! Ndoo sasa utupikie hao majini wenu." Kumbe wifi alikuwa na maana ya kitu mhusika alichokatazwa. Nami nilicheka. Tangu siku hiyo mhusika wangu akaitwa Bi Mwiko.

Bi Mwiko alikuwa Tabibu. Uwezo wake, humponya yeyote safarini. Mwiko wake, hawezi kujiponya mwenyewe. Mume wangu alikuwa Askari, amevaa chuma mwili mzima, na mwiko wake ni kuingia maji ya kina. Niliona ni haki, kila mtu na lake.

Tulicheza karibu nusu mwaka. Nimeponya mikono, macho, hata punda wa binamu. Kisha safari ikafika kwenye mkono wa bahari na daraja limevunjika. Askari hawezi kuvuka. Mume wangu akanuna, akasema basi yeye anaondoka. Wifi akafikiri, akasema, "Bila yeye tutakwama. Tuseme tu chuma chake ni chepesi." Akachukua kifutio, akafuta mwiko wa kaka yake. Binamu akaunga mkono. Mimi pia niliitikia, sikatai.

Ijumaa tatu baadaye Bi Mwiko akaumwa na nyoka. Wiki hiyo mimi mwenyewe ziwa la kushoto lilikuwa limevimba, homa inapanda, na mtoto hataki la kulia. Nilikuja mkekani hivyo hivyo. Nikasema, "Dawa ninayo mkobani, najipaka."

Wifi akasema, "Hujiponyi, wifi. Ni mwiko."

"Basi nipakeni nyinyi, dawa ni hii."

"Wao hawana uwezo wa kutibu. Uwezo ni wako."

"Mbona wa Askari ulifutwa?"

"Ule ulikuwa unazuia safari."

Mume wangu akacheka, akasema, "Wewe kazi yako kutuponya sisi. Kufa bwana, tuendelee."

Jamani, alisema kwa mzaha, namjua. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimemwambia nina homa, akanijibu vile vile kwa kicheko, "Meza dawa, si wewe Tabibu?" Maneno mawili yale yakakutana kifuani. Dadu likarushwa, Bi Mwiko akafa. Nikachukua karatasi yake, nikaingia jikoni, nikaitia motoni chini ya sufuria.

Hapo ndipo kosa langu. Sikuigeuza. Nyuma ya karatasi ile wifi alikuwa amechora ramani ya safari yote, visiwa na njia na majina aliyoyatunga mwenyewe, kwa sababu daftari lilikuwa limekwisha. Alipoiulizia nikamwonyesha majivu. Hakunitukana. Alikaa chini akalia kama mtoto, nami nikabaki nimesimama na mwanangu mgongoni.

Ni siku ya sita sasa hatusemi. Mavyaa ananiambia, "Mwanangu, ni karatasi tu, kamwombe radhi, ndia ya moyo isizibe." Na wifi nampenda, yeye ndiye pekee nyumba hii aliyewahi kunikalisha chini na kunifundisha kitu. Radhi ya ramani nitamwomba, na mkono wake nitaubusu. Hilo siulizi.

Kinachonishinda ni hiki. Jana mume wangu alinijia na karatasi mpya, ameshaijaza. "Uwe Tabibu tena, umeshauzoea," akasema. Nikatazama chini, pale pale pameandikwa hajiponyi. Nikamuuliza, "Na mimi nikiugua?" Akasema, "Ah, mke wangu, ni mchezo tu." Ziwa bado linauma. Hajaniuliza.

Kesho ni Ijumaa, na karatasi iko chini ya mto wangu. Mama zangu na dada zangu, mwiko wa jikoni nitaushika, sina ugomvi nao. Ni huu mwingine naomba mnipe neno: nirudi mkekani nao kwa ajili ya amani ya nyumba, au nikae pembeni mpaka kifutio kile kile kilichomfutia yeye kinifutie na mimi?